Uzi: Mavazi ya mori si ya krimu na kahawia peke yake; tujadili namna ya kuvaa rangi

Kitani_na_Sufu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo ninaloliona kila mara mtu anapoanza kuyapenda mavazi ya mori (neno la Kijapani lenye maana ya msitu): kitu cha kwanza anachoelezwa ni kwamba aondoe rangi kabatini mwake. Anaambiwa abaki na krimu, hudhurungi, kijivu na nyeupe iliyopauka, kwamba hizo ndizo rangi za msitu, na kwamba akivaa nyekundu au zambarau atakuwa amekwisha kuutoka mtindo. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini hautokani na mtindo wenyewe, na umewakatisha tamaa watu wengi ambao wangeuvaa vizuri sana.

Kwa wasioufahamu, mori ni mtindo uliozaliwa Japani. Mwaka 2006 mtumiaji mmoja wa Mixi, mtandao wa kijamii uliokuwa na watu wengi sana nchini humo wakati ule, alianzisha kikundi cha wasichana wanaoonekana kana kwamba ungeweza kuwakuta msituni. Kikundi kikakua hadi kufikia maelfu ya wanachama, majarida ya mitindo yakaanza kukiandika, na kufikia miaka ya 2009 na 2010 nguo za aina hiyo zilikuwa zikiuzwa madukani kwa jina hilohilo. Umbo lake linajulikana: magauni mapana yanayotanuka kuanzia kifuani, nguo zinazopandanishwa tabaka juu ya tabaka, lesi, sweta za sufu, kofia za kufumwa, viatu vya ngozi vya chini vyenye ncha ya mviringo, saa ya mfukoni iliyotundikwa kwenye mkufu, na vitu vingi vyenye sura ya kurithiwa kutoka kwa bibi.

Kikundi kile kiliandika orodha ndefu ya mambo yanayomtambulisha mtu wa mori, kuanzia aina ya gauni hadi kupenda kutembea na kamera na kukaa kwenye mikahawa midogo. Katika orodha hiyo rangi zinazopendwa zilitajwa wazi: kijani kilichokolea, buluu iliyokolea, damu ya mzee na kahawia. Tatu kati ya hizo nne ni rangi ambazo mgeni wa leo anakatazwa kuzivaa. Yaani katazo limekuja baadaye, na limeletwa na watu wengine.

Nadhani lililetwa na picha. Mtindo ulipovuka mipaka ya Japani ulisafiri zaidi kwa Tumblr, mtandao wa kuwekea picha, kuliko kwa maduka, na picha zilizosambaa sana kule zilikuwa zimepunguzwa rangi kwa programu hadi gauni la kijani likaonekana la kijivu na mashavu ya aliyelivaa yakawa meupe kama karatasi. Aliyejifunza mtindo kutokana na picha hizo alijifunza pia mkono wa mhariri wa picha. Tena ni kweli kwamba pamba na kitani visivyotiwa rangi vina krimu yake ya asili, na ni rahisi mno kuvipatanisha, kwa hiyo anayeanza hukimbilia huko na mara nyingi hukaa hukohuko.

Sasa tuutazame msitu wenyewe, kwa kuwa ndio unaotajwa kama sababu. Takribani theluthi mbili ya ardhi ya Japani ni misitu, na si misitu ya kahawia. Katika bustani ya hekalu la Saihō-ji mjini Kyoto kuna aina zipatazo 120 za kuvumwani (mimea midogo laini inayofunika ardhi na mawe), na kila aina ina kijani chake. Kamelia huchanua nyekundu wakati majani mengine yamekwisha kupukutika. Majira ya kuchipua huja na yamabuki, ua la manjano yanayokaribia dhahabu, kisha fuji, mmea wa maua unaotambaa, inaning'inia kwa zambarau kutoka juu ya miti. Vuli ina majani mekundu ya mti wa momiji, ina vichaka vyenye tunda dogo la zambarau linalong'aa kama shanga, na chini ya miti unaota uyoga mwekundu wenye madoa meupe, ambao watu wa mori wameupenda tangu mwanzo na kuutarizi kwenye mifuko na soksi zao.

Msimamo wangu, ambao nauleta hapa ili ujadiliwe, ni kwamba mtindo huu haupimwi kwa kuwapo au kukosekana kwa rangi. Unapimwa kwa kina cha rangi na kwa namna kitambaa kinavyoipokea nuru. Nina sketi ya kodrai ya damu ya mzee ambayo naitolea mfano kila ninapoulizwa. Ukiitazama kwa mbali ni nyekundu moja tu. Ukiisogelea unaona kwamba migongo ya mistari imesuguliwa kwa kuvaliwa na kufuliwa hadi imepoa, mabonde yaliyo kati ya mistari yamebaki karibu na weusi, na kwenye mishono ya pembeni rangi imelala katikati ya hizo mbili. Nuru inaingia kwenye kitambaa hicho na kukaa humo. Chukua rangi ileile uiweke kwenye satini ya poliesta, na nuru yote itarudi usoni pa mtazamaji kama bati. Ya kwanza ni mori na ya pili si mori, ingawa kwenye kadi ya rangi zote mbili zinaitwa kwa jina moja.

Mshona_Pindo

Dada Kitani, nashukuru kwa uzi wenye maelezo ya kutosha. Nina wasiwasi mmoja. Ikiwa tutafungua mlango wa rangi zote zilizokolea, tutatofautishaje mori na dolly kei, mtindo mwingine wa Kijapani ambao nao una magauni ya zamani, tarizi na nyekundu nyingi? Nimewahi kuona watu wakivaa mchanganyiko huo na kubishana mchana kutwa kuhusu jina lake.

Kitani_na_Sufu

Ndugu Mshona Pindo, swali lako ni la msingi na nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Dolly kei ilikua kwa kuzunguka duka la nguo za zamani liitwalo Grimoire, katika eneo la Shibuya jijini Tokyo, na macho yake yalielekea Ulaya ya zamani, hasa mavazi ya kienyeji ya Ulaya Mashariki, hadithi za kale na wanasesere wa kaure. Rangi zake zimekolea, ndiyo, lakini zaidi ya hapo zimejaa na zinashindana: nyekundu ya tarizi juu ya mahameli ya kijani, dhahabu kwenye ukosi, zulia la maua begani, na kila kipande kinataka kuonekana. Mvaaji wa dolly kei anataka umtazame kama unavyotazama kabati la vitu vya thamani. Mvaaji wa mori anataka rangi zake zikae pamoja bila kugombana, na moja ikiwa imekolea sana, nyingine zinaipisha.

Kuna pia yama, wale wasichana wa milimani waliovuma katika kipindi hichohicho cha 2009 na 2010. Hao walivaa sketi fupi juu ya taiti za rangi kali pamoja na makoti ya kupandia mlima, na rangi zao zilitoka kwenye vifaa vya michezo: machungwa yanayowaka, waridi la plastiki, buluu ya hema. Wao walikuwa wakienda mlimani kwelikweli, na rangi kali ina faida kwa mtu anayetaka kuonekana na wenzake kwenye ukungu. Mtu wa mori hana haja hiyo.

Kwa hiyo mpaka upo, ila haupiti kati ya rangi na kutokuwa na rangi. Mimi huuweka kwa swali moja: je, rangi hii ingeweza kutoka kwenye jani, gome, mzizi, tunda au udongo? Damu ya mzee, ndiyo. Haradali, ndiyo. Nili, ndiyo. Zambarau ya tunda la mwituni, ndiyo. Waridi la kalamu ya kuwekea alama kwenye vitabu, hapana. Swali hilo halitatui kila kitu, maana kuna machungwa ya uyoga yanayowaka kuliko plastiki yoyote, lakini linakufikisha mbali.

Fundi_Rangi

Naomba kuongeza kitu kwenye hilo swali la jani na mzizi, kwa sababu kutia nguo rangi ndiyo kazi yangu, na Japani ni nchi ambayo swali hilo limejibiwa kwa vitendo kwa karne nyingi.

Tuanze na kijani, kwa kuwa kila mtu anadhani ndiyo rangi rahisi zaidi kupatikana msituni. Kijani cha majani hakikai kwenye kitambaa. Kikipigwa na jua kinageuka hudhurungi ndani ya muda mfupi. Mafundi wa Japani walikipata kwa njia ya mzunguko: kitambaa kinachovywa kwanza kwenye nili, kisha kinapikwa kwenye nyasi iitwayo kariyasu, ambayo hutoa manjano safi, na kijani kinazaliwa pale buluu na manjano zinapolaliana. Kwa hiyo kijani kilichokolea cha mori, kile ambacho wengi wetu tunakiona kuwa ndicho cha kawaida kabisa, ni rangi mbili zilizopandanishwa ndani ya uzi mmoja.

Nili yenyewe ni somo. Katika jimbo la Tokushima, ambalo zamani liliitwa Awa, majani ya nili hukaushwa na kisha kurundikwa, kumwagiwa maji na kugeuzwa tena na tena kwa muda wa siku zipatazo 100, hadi yanakuwa kama mbolea nyeusi iitwayo sukumo. Sukumo huchachushwa ndani ya pipa pamoja na maji ya majivu. Kitambaa kikitolewa kwenye pipa hilo kinakuwa na kijani cha manjano, na ukikishika mkononi unaona buluu ikipanda kuanzia kingoni kadiri hewa inavyokigusa. Kuchovya mara moja kunatoa buluu hafifu. Kuchovya mara nyingi kunatoa ile buluu inayokaribia weusi.

Kisiwa cha Hachijō kina hariri iitwayo kihachijō, ambayo kwa desturi ina rangi tatu tu, manjano, hudhurungi yenye wekundu, na nyeusi, na zote tatu zinatokana na mimea ya kisiwani, nyeusi ikiongezewa matope. Kisiwa cha Amami Ōshima nacho kina hariri yake inayopikwa kwenye vipande vya mti wa sharinbai na kuzamishwa kwenye matope yenye chuma, makumi ya mara, hadi utomvu wa mti na chuma cha matope vinashikana na kutoa weusi wenye kahawia ndani yake. Anayesema kwamba nyeusi haina nafasi katika mori angeishika hariri hiyo mkononi kwanza.

Kwa nyekundu kuna mzizi wa akane, ambao hutoa nyekundu yenye joto la udongo, na kuna ua la benibana la Yamagata, ambalo lina manjano mengi yanayooshwa kwanza kwa maji kabla wekundu wake haujatolewa kwa maji ya majivu. Hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ya akane huungana na kahawia bila shida. Ya benibana inaelekea kwenye waridi na inataka kukaa karibu na nyeupe au kijivu. Ninawaomba wanaonunua nguo nyekundu wajiulize kwanza nyekundu yao ni ya ukoo upi.

Kitani_na_Sufu

Fundi, nimefurahi sana umeandika haya. Naomba niongeze upande wa historia ya kupandanisha, kwa sababu mori ni mtindo wa tabaka, na Japani ilikuwa na elimu ya tabaka muda mrefu kabla ya Mixi.

Katika kipindi cha Heian, kuanzia 794 hadi 1185, wanawake wa ikulu walivaa majoho mengi kwa pamoja, moja juu ya jingine, yaliyopangwa ili kila joho litokeze ukingo mwembamba tu kwenye mkono, ukosi na pindo. Mpangilio wa rangi za kingo hizo ulikuwa na majina ya mimea, kama ume (mplamu), sakura (mcheri), fuji, yamabuki na momiji, na ulifuata majira ya mwaka. Kuvaa mpangilio wa majira yaliyopita kulihesabiwa kuwa kukosa maarifa. Sisemi kwamba wasichana wa mwaka 2006 walikuwa wakiwaiga wanawake wa ikulu. Ninachosema ni kwamba kanuni ya ukingo inafanya kazi vizuri mno kwa mvaaji wa mori anayeiogopa rangi. Gagulo la zambarau chini ya gauni la kitani, likitokeza kiasi cha upana wa vidole viwili, linatosha kubadilisha mavazi yote, na mvaaji hana sababu ya kujiona kana kwamba amejitangaza.

Halafu kipindi cha Edo, kuanzia 1603 hadi 1868, watawala walitoa mara kwa mara amri za kuwazuia watu wa kawaida kuvaa fahari, na nguo za wafanyabiashara wa mijini zikaelekezwa kwenye kahawia, kijivu na nili. Watu hao hawakukaa na kahawia moja. Walitengeneza nyingi kiasi kwamba ukabaki msemo wa kahawia 48 na kijivu 100, hesabu ambayo haikukusudiwa kuwa kamili bali kuonyesha wingi. Kulikuwa na kijivu chenye kijani, kijivu chenye zambarau, kahawia ya mwigizaji fulani aliyependwa wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Nalitaja hili kwa ajili ya wanaopenda kubaki kwenye rangi tulivu, maana nao nina neno lao: utulivu wa rangi si sababu ya kuvaa hudhurungi moja kuanzia kofia hadi soksi. Mtu anayechukua kijivu chenye kijani, kahawia yenye wekundu na krimu yenye manjano amevaa rangi tatu, hata kama kwa mbali anaonekana hana hata moja.

Binti_wa_Lushoto

Dada Kitani, shikamoo. Nasoma kila mnachoandika. Naomba kuuliza jambo ambalo sijawahi kuona likijadiliwa mahali popote. Mimi ni mweusi sana, na kila nikivaa krimu kama nionavyo kwenye picha za Kijapani, najiona ninang'aa kuliko watu wote, wakati mtindo unasemekana kuwa wa upole. Je, kuna namna?

Kitani_na_Sufu

Marahaba mdogo wangu. Swali lako lingefaa kuwa la kwanza katika uzi huu, na nitakujibu kwa uzito wake.

Upole wa krimu katika picha za Kijapani hautoki kwenye krimu peke yake. Unatoka kwenye umbali mdogo uliopo kati ya rangi ya kitambaa na rangi ya ngozi ya aliyekivaa. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe, krimu iko karibu na uso wake, kwa hiyo jicho linapita kutoka shingoni hadi kwenye ukosi bila kukwama. Kwa ngozi yako umbali huo ni mkubwa, na krimu inageuka kuwa rangi ya nguvu kuliko zote ulizovaa. Rangi zinazokaa karibu na ngozi nyeusi ni zilezile zilizokolea: damu ya mzee, kijani cha msonobari, buluu ya nili iliyochovywa mara nyingi, kahawia ya gome, zambarau nzito. Kwako hizo ndizo rangi za upole. Kwa hiyo mtu anayekwambia uache damu ya mzee ili uwe mtulivu anakupa ushauri uliopimwa kwa ngozi ya mtu mwingine.

Hii haina maana kwamba uiache krimu. Maana yake ni kwamba uitumie wewe kama mwenzako wa Kijapani anavyotumia nyekundu, yaani kwa kipimo na mahali unapotaka jicho liende. Ukosi wa lesi ya krimu juu ya gauni la kijani kilichokolea, juu ya ngozi nyeusi, unapendeza mno, na lesi yenyewe inaonekana kila tundu lake, jambo ambalo kwenye ngozi nyeupe halionekani hata ukisogea. Ukitaka krimu iwe nguo kubwa, ipeleke chini, iwe sketi au gagulo, na karibu na uso uweke mtandio wenye rangi iliyokolea. Na kama unaipenda sana karibu na uso, chagua krimu yenye manjano au iliyotiwa majani ya chai badala ya nyeupe yenye ubuluu.

Haradali ijaribu pia. Nimeona ngozi nyeusi ikiibeba haradali kwa namna ambayo picha za Tokyo haziwezi kuionyesha, hasa ikiwa sweta ya sufu yenye nyuzi nene, kwa sababu vivuli vya nyuzi vinakuwa na kahawia inayofanana na ngozi yenyewe.

Mkaa_Pwani

Habari za jioni wanajukwaa. Wenzetu wa Lushoto na Limuru wana baridi ya kuvalia sufu. Sisi wa Dar es Salaam na Mombasa tutavaaje tabaka tatu bila kuzimia? Na ninaomba mtukumbuke sisi tunaonunua mitumba, maana hayo maduka ya Kijapani hatutayaona.

Kitani_na_Sufu

Ndugu Mkaa Pwani, kiangazi cha Tokyo si mchezo. Mwezi wa Agosti joto hupita nyuzi 30 kwa siku nyingi na hewa ina unyevu kama ya pwani. Watu wa mori wa kule hawakungoja baridi. Walivaa kitani, pamba nyepesi na shashi ya tabaka mbili, kitambaa ambacho Wajapani wanakipenda kwa watoto kwa sababu kinapitisha hewa na hakigandi mwilini. Tabaka mbili za shashi pana ni baridi kuliko blauzi moja ya poliesta inayobana.

Kwa upande wa rangi, joto linabadilisha mambo kidogo. Mahameli na kodrai, ambavyo vinabeba rangi kwa unene wake, havifai, kwa hiyo kina cha rangi lazima kipatikane kwa njia nyingine, nayo ni kulalisha kitambaa chepesi juu ya kingine. Gauni la shashi ya kijani hafifu juu ya shimizi ya nili linatoa kijani cha kivulini ambacho kitambaa kimoja hakiwezi kukitoa, na kila unapotembea kinabadilika kadiri tabaka zinavyoachana na kukutana. Hiyo ndiyo raha kubwa ya mori ya kiangazi na sijui kwa nini haiongelewi vya kutosha.

Kuhusu mitumba, wewe uko karibu na mtindo kuliko unavyodhani. Wapenzi wa mori wa Tokyo walinunua nguo zao nyingi kwenye maduka ya nguo kuukuu ya Kōenji na Shimokitazawa, kwa sababu rangi iliyofuliwa kwa miaka haiwezi kuigizwa dukani. Ukienda sokoni usitafute jina la mtindo. Tafuta gauni la pamba au kitani lenye upana, hata kama ni la wazee au la kulalia, lisogeze hadi kwenye mwanga wa jua, likunjue upindo, na ulinganishe rangi ya ndani ya pindo na ya nje. Kama ya nje imepoa sawasawa pande zote, hiyo ni nguo iliyokomaa. Kama imepauka mabegani tu, ilitundikwa juani, na italeta shida kuipatanisha.

Fundi_Rangi

Na kama gauni ni zuri lakini rangi yake haikufurahishi, lipeleke jikoni. Maganda makavu ya vitunguu maji, uzito ulio sawa na uzito wa nguo, yakichemshwa kwa saa moja na kuchujwa, yanatoa rangi nzuri kwa nguo iliyoloweshwa kwanza kwenye maji ya shabu. Shabu iwe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa nguo kavu, na nguo iwe imefuliwa vizuri ili isiwe na mafuta. Utapata manjano yenye machungwa. Ukitaka kuipeleka msituni zaidi, weka matone ya maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, na utaona manjano yakizama kuwa kijani cha zeituni mbele ya macho yako. Chuma kidogo kinatosha, maana kikizidi kinaula uzi na nguo itachanika baada ya muda.

Majani ya chai yatakupa hudhurungi, na chuma juu ya chai kinatoa kijivu kizuri sana, chenye kahawia kwa mbali. Yote haya ni kwa pamba, kitani, sufu na hariri. Poliesta haitapokea chochote, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuwasha jiko, na sufuria ya rangi isirudi kwenye mapishi.

Mshona_Pindo

Nimeridhika na jibu kuhusu mpaka wa mitindo, nami ninamalizia na swali la kiufundi. Nguo ya damu ya mzee ikivaliwa juu ya gagulo jeupe, kisha mvua ikanyesha au mtu akatoka jasho, itachuja?

Kitani_na_Sufu

Inaweza kuchuja, hasa ikiwa mpya, na ndiyo sababu ipimwe kabla ya kupandanishwa. Lowesha kona ya kitambaa cheupe, uisugue kwenye mshono wa ndani wa nguo yenye rangi, mahali pasipoonekana. Ikitoka na wekundu, ifue nguo hiyo peke yake kwa maji baridi mara kadhaa hadi maji yawe safi, uianike kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje, kisha uipime tena. Ile inayoendelea kuchuja hata baada ya hapo ivalishwe juu ya gagulo la kahawia au la nili. Fundi ataniambia kama kuna dawa nyingine kwa nguo za nili, kwa sababu hizo huacha buluu kwa kusuguana hata zikiwa kavu.

Fundi_Rangi

Ni kweli, nili inakaa juu ya uzi, haiingii hadi katikati, kwa hiyo mpya husugulika hata kwenye mkoba wa rangi hafifu. Hakuna dawa ya kuimaliza kabisa. Isuuze sana baada ya kutiwa rangi, iache ipumzike kabla ya kuivaa, na kwa msimu wa kwanza ivae pamoja na rangi zilizokolea tu. Lesi ya krimu iisubiri hadi mwaka wa pili.